Msuli: Vazi la Kazi, Vazi la Sitara

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (s.w.), Aliyemuumba mwanadamu kisha Akamneemesha kwa vazi la kumsitiri. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba wake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu wanafunzi, wazazi na walezi, katika toleo hili tumeona tuzungumzie jambo ambalo tunalo majumbani mwetu kila siku na kwa hiyo hatulitazami. Jambo lenyewe ni msuli, ile nguo pana ya kufunga kiunoni ambayo baba zetu huivaa wanapokwenda pwani, shambani na kwenye ujenzi, na ambayo jioni huivaa tena barazani.

Tumelichagua jambo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba wako vijana, na hata watu wazima, wanaopitisha swala ya Adhuhuri na Alasiri kwa kisingizio kimoja tu: "Nina nguo za kazi." Adhana inaadhiniwa, msikiti uko hatua chache kutoka dikoni, na mtu amekaa juu ya gogo anangoja afike nyumbani abadilishe nguo. Akifika nyumbani jua limekwisha kuzama. Ya pili ni kwamba wako watoto wanaoona haya baba zao wanapopita mbele ya madrasa wakiwa wamevaa msuli wa kazi, umepauka kwa chumvi au umetapakaa saruji. Mtoto hugeuza uso akajifanya hakumuona mzazi wake. Mambo haya mawili yana mzizi mmoja, nao ni kudhani kwamba nguo ya kazi ni nguo duni mbele ya watu, na kwa hiyo ni duni mbele ya Mwenyezi Mungu. Tutaona, Inshaallah, kwamba dhana hiyo haina msingi katika dini yetu.

1. MAJINA YAKE NA MANENO YALIYOZALIWA NAYO

Katika pwani yetu nguo hii ina majina zaidi ya moja. Kikoi ni kitambaa cha pamba, aghalabu cheupe au cha rangi moja, chenye mistari ya rangi kwenye mapindo na mara nyingi matamvua kwenye ncha zake mbili. Kikoi hakishonwi, hufungwa kikiwa wazi, ncha moja ikipita juu ya nyingine. Msuli kwa wengi ni ule wenye miraba au mistari, ambao ncha zake mbili zimeunganishwa kwa mshono ukawa duara kama mfuko usio na kitako. Mvaaji huingia ndani yake, akauvuta upande mmoja mpaka ushikane na nyonga, akakunja ziada mbele ya tumbo, kisha akauviringisha ukingo wa juu mara mbili tatu mpaka ukaze. Wako pia wanaoiita nguo yoyote ya namna hii shuka. Tofauti hii ya kilichoshonwa na kisichoshonwa tuishike vizuri, kwani tutaihitaji tutakapofika kwenye hukumu za swala.

Ndugu zetu wa nchi nyingine wanayo nguo hii hii. Waomani huvaa wizari chini ya kanzu, Wayemeni wana futa, Wahindi wana lungi, na Waindonesia wana sarungi ambayo huivaa mpaka msikitini. Katika vitabu vyetu vya hadithi na fiqhi nguo ya kufunga kiunoni huitwa izari. Basi mwanafunzi anaposoma neno izari asifikirie kitu cha mbali. Amtazame baba yake.

Kiswahili nacho kimechukua maneno mengi kutoka katika nguo ya kazi. Tunaposema mtu amepania kufanya jambo, asili ya neno hilo ni kuipandisha nguo na kuikaza mwilini tayari kwa kazi. Mwanamke anayeshika kazi kwa nguvu zake zote tunasema amejifunga kibwebwe, yaani ameifunga kanga kiunoni isimzuie. Mwanamume huambiwa amejifunga masombo. Na huku Tanzania mwanafunzi anayesoma kwa bidii usiku kucha, wenzake husema anapiga msuli. Lugha yetu, basi, haikuitazama nguo hii kwa dharau. Iliifanya kuwa alama ya azma na bidii.

2. VAZI HILI LILIVALIWA NA NANI?

Wako wanaodhani kwamba msuli tangu hapo ulikuwa nguo ya watu wa chini. Historia inatueleza vingine. Msafiri mashuhuri Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier nchini Moroko, alifika Mogadishu mwaka 1331 kabla ya kuendelea na safari yake hadi Mombasa na Kilwa. Ameandika kwamba Mogadishu ilikuwa ikifuma nguo zilizosafirishwa hadi Misri. Ameeleza pia kwamba ilipofika siku ya Ijumaa aliletewa mavazi ya kwenda nayo msikitini, na miongoni mwake ilikuwamo shuka ya thamani ya kufunga kiunoni. Akaeleza kwamba watu wa huko walifunga shuka mahali pa suruali. Basi mgeni wa heshima, katika siku tukufu ya wiki, alipewa shuka ya kiunoni aende nayo kuswali.

Pamba ilisokotwa na kufumwa katika pwani hii kwa karne nyingi. Katika magofu ya Kilwa, wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta vigurudumu vya udongo vilivyotumika kusokotea nyuzi. Nguo za kufunga kiunoni zilivaliwa na tajiri na maskini. Kilichotofautiana kilikuwa ubora wa kitambaa.

Aibu ilikuja kwa mlango mwingine. Katika karne ya 19, wakati biashara ya watumwa ilipopamba moto Unguja na katika mwambao, mavazi yalitumiwa kuonyesha nani bwana na nani mtumwa. Watumwa walivaa merikani, kitambaa kigumu cha pamba kilichopewa jina hilo kwa sababu kilitoka Marekani, au kaniki, ambayo ni kitambaa kama hicho kilichotiwa rangi ya buluu nzito iliyokaribia weusi. Mtumwa hakutarajiwa kuvaa kofia wala viatu mbele ya bwana wake. Kanzu na kilemba vikawa alama ya mwungwana, na kipande cha nguo kilichofungwa kiunoni peke yake kikawa alama ya anayetumikishwa.

Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907 na Tanganyika mwaka 1922, wengi waliokuwa watumwa waliharakisha kuacha nguo zile. Wanawake waliivua kaniki wakavaa kanga za rangi, na wanaume wakatafuta kanzu na kofia. Hatuwalaumu hata kidogo, kwani walikuwa wanauvua unyonge waliovishwa kwa nguvu. Lakini dharau iliyokuwa imebandikwa juu ya nguo ya kazi haikuondoka pamoja na utumwa. Ilibaki katika macho ya watu, na mpaka leo iko kwetu bila ya sisi kujua ilikotoka. Mtoto anayeona haya kwa msuli wa baba yake hakulisoma jambo hilo katika Qur'ani wala katika hadithi. Amelirithi kutoka zama za bwana na mtumwa.

3. KAZI ZA MSULI

Tuutazame sasa msuli unavyofanya kazi. Nguo hii ni pana, haibani, na huruhusu hewa kupita, kwa hiyo inafaa katika joto la pwani. Anayevuta juya huipandisha isiloe. Anayekwea mnazi huikaza. Fundi wa majahazi aliyechuchumaa chini ya ubavu wa chombo siku nzima huona nafuu ambayo hangeipata katika suruali ya kubana.

Kisha msuli si wa kuvaa tu. Ukivuliwa na kukunjwa huwa kata ya kubebea mzigo kichwani au begani. Ukitandikwa huwa mkeka, na usiku chomboni huwa shuka ya kujifunika umande. Mvuvi huutumia kujifuta, kujikinga jua kichwani, na kufungia samaki wachache wa kitoweo. Mtu akitaka kubadilisha nguo mbele ya wenzake, huingia ndani ya msuli akabadilisha humo humo bila ya kuonekana maungo yake. Hamali akiumia, wenzake humbeba kwa msuli. Na fedha ya siku, mtu alipokuwa hana mfuko, ilifungwa fundo katika pindo.

Manufaa yote haya ni ya kupongezwa, lakini lililo kubwa kuliko yote ni sitara. Mtu anaweza kuutumia msuli kwa kazi nyingine yoyote madhali mwili wake umebaki umesitirika. Jambo hili tunalipata katika kisa cha Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe kabla ya kupewa utume. Jabir bin Abdillahi (r.a.) amepokea, na hadithi imo katika Bukhari na Muslim, kwamba Maquraishi walipokuwa wanaijenga upya Al-Kaaba, Mtume (s.a.w.) alikuwa akibeba mawe pamoja nao naye amevaa izari. Ami yake Abbas alimshauri aivue izari aiweke begani chini ya mawe, yaani aifanye kata. Alipofanya hivyo alianguka akazimia. Tangu siku hiyo hakuonekana tena akiwa wazi.

Tuzingatie, ndugu wanafunzi. Kiumbe bora kuliko wote alibeba mawe kwa bega lake akiwa na nguo ya kazi. Kazi haikumpunguzia kitu. Alichokatazwa ni kuacha wazi mwili wake.

4. IZARI YA MTUME (S.A.W.) NA MASAHABA WAKE

Abu Burda amesimulia kwamba Bibi Aisha (r.a.) aliwatolea izari nzito iliyotengenezwa Yemen na nguo ya juu iliyotiwa viraka, akawaambia kuwa Mtume (s.a.w.) alifariki akiwa amevaa nguo mbili hizo. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Kiongozi wa umma aliondoka duniani katika shuka nzito na nguo yenye viraka.

Na binti yake alipofariki, Mtume (s.a.w.) aliwapa wanawake waliokuwa wanamwosha shuka yake mwenyewe, akawaamuru waifanye nguo inayogusana na mwili wa maiti. Amelipokea hilo Ummu Atiyya (r.a.), nalo pia limo katika Bukhari na Muslim.

Masahaba nao walikuwa watu wa kazi. Sahl bin Saad (r.a.) ameeleza kuwa wako waliokuwa wakiswali na Mtume (s.a.w.) wakiwa wamezifunga izari zao shingoni kama watoto kwa ajili ya ufupi wa nguo hizo. Wanawake wakaambiwa wasiinue vichwa vyao kutoka sijda mpaka wanaume wawe wamekwisha kukaa sawasawa. Hapa pana funzo kubwa. Nguo zilikuwa fupi na chache, na hata hivyo hakuna aliyeambiwa abaki nyumbani. Utaratibu wa safu ulipangwa ili maskini mwenye nguo moja asikose jamaa na wala asidhalilike. Na Mtume (s.a.w.) alipoulizwa juu ya kuswali katika nguo moja, alijibu kwa kuuliza kama kila mmoja wao alikuwa na nguo mbili.

Lakini isidhaniwe kwamba usafi ulipuuzwa. Bibi Aisha (r.a.) ametueleza kuwa watu wa zama hizo walikuwa wakijifanyia kazi wenyewe, wakija swala ya Ijumaa na harufu ya jasho, wakaambiwa ni vyema wangeoga. Na katika Abu Daud na Ibn Majah imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) aliwahimiza wenye uwezo wawe na nguo mbili za siku ya Ijumaa mbali na nguo zao za kazi. Kwa hadithi hii tunajua mambo mawili kwa pamoja: nguo ya kazi ilitambuliwa, haikudharauliwa, na Ijumaa ina heshima yake, mwenye kuweza aipambie.

5. JE, INAFAA KUSWALI NA MSULI WA KAZI?

Hili ndilo swali lenyewe. Jibu ni kwamba inafaa, zikitimia sharti mbili: sitara na tahara. Tutazieleza kwa mujibu wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo tunayoyafuata wengi wetu katika pwani hii.

(a) Sitara. Aura ya mwanamume katika swala ni baina ya kitovu na magoti. Kitovu na goti vyenyewe si aura, lakini hapana budi sehemu yake isitiriwe ili ipatikane yakini. Nguo iwe haionyeshi rangi ya ngozi. Kwa hiyo msuli uliochakaa ukawa kama chandarua hautoshi peke yake. Nguo isitiri kutoka juu na pembeni. Si sharti isitiri kutoka chini. Ndiyo maana msuli, ingawa uko wazi upande wa chini, unaswihi kwa swala bila ya suruali ndani, na hata fundi anayeswali juu ya dari swala yake ni sahihi.

Hapa ndipo inapokuja ile tofauti tuliyoitaja. Msuli ulioshonwa hauna mpasuko. Kikoi kisichoshonwa kina mpasuko mbele au ubavuni, na mtu anaporukuu, anaposujudu au anapokaa, paja huweza kuonekana. Anayeswali na kikoi akizungushe vizuri, ncha zipandane kwa upana wa kutosha, au avae kaptura ndefu ndani. Upepo ukikifunua naye akakisitiri papo hapo, swala yake haibatiliki. Akiacha wazi ilhali anaweza kusitiri, inabatilika.

Ama kupandisha msuli mpaka mapajani wakati wa kazi, au kupiga uwinda kwa kuipitisha nguo katikati ya miguu, huko huacha wazi sehemu ya aura mbele za watu. Kazi si ruhusa ya kufunua utupu. Dawa yake ni nyepesi: avae ndani suruali pana inayovuka magoti, kisha apanie msuli atakavyo.

(b) Tahara. Wengi hapa huchanganya uchafu na najisi. Si kila kilicho kichafu ni najisi. Udongo, vumbi, saruji, chokaa, rangi, jasho, chumvi ya bahari, magamba na utelezi wa samaki si najisi. Msuli uliotapakaa vitu hivyo unachukiza macho, lakini swala ndani yake ni sahihi. Samaki ni twahara hata akiwa amekufa. Mtume (s.a.w.) aliulizwa na mtu wa baharini kama watawadhe kwa maji ya bahari, kwa kuwa maji matamu waliyochukua yalikuwa machache. Akajibu kwamba maji ya bahari yanatwaharisha na maiti wake ni halali. Basi mvuvi asiseme hana maji ya kutawadhia ilhali amezungukwa na bahari.

Najisi ni vitu kama mkojo, kinyesi, damu, na samadi ya wanyama. Anayefanya kazi zizini, anayebeba samadi au anayechinja, aoshe mahali palipoingia najisi au abadilishe nguo. Damu kidogo ya mkwaruzo wake mwenyewe imesamehewa.

Jambo jingine la kuangaliwa ni mwili. Rangi ya mafuta, lami, saruji iliyoganda au deheni ya kupaka chombo, ikiwa imeshika juu ya ngozi kwa unene unaozuia maji kufika, hapana budi iondolewe kabla ya udhu. Ikibaki rangi au mafuta membamba ambayo hayazuii maji, hapana neno.

(c) Harufu. Mafuta ya sifa, shombo la samaki na jasho si najisi, lakini huwaudhi wenzetu. Mtume (s.a.w.) amemkataza aliyekula kitunguu thomu au kitunguu maji kuukaribia msikiti kwa sababu ya harufu. Kwa hiyo mfanyakazi mwenye harufu kali ajisafishe kwa kadiri awezavyo. Asipoweza, aswali palepale alipo, yeye na wenzake kwa jamaa. Umma huu umefanyiwa ardhi kuwa mahali pa kusujudia na pa kujitwaharishia. Mchanga wa diko ni msikiti wake.

(d) Kuburura. Mvaaji wa msuli aangalie usishuke chini ya vifundo vya miguu. Hadithi zimeonya vikali juu ya kuburura izari kwa kiburi. Sayyidna Abubakar (r.a.) alimwambia Mtume (s.a.w.) kuwa upande mmoja wa izari yake huteremka asipoushika, akajibiwa kwamba yeye si katika wanaofanya hivyo kwa kiburi.

(e) Ihramu. Anayekwenda Hija au Umra huvaa izari na shuka ya juu. Msuli ulioshonwa duara haumfai mwanamume katika ihramu kwa madhehebu yetu, atumie kisichoshonwa. Huko mfalme na hamali husimama Arafa katika vipande viwili vya nguo, wala hapana awezaye kumjua nani ni nani.

6. MAMA NA DADA ZETU

Wanawake nao wana nguo zao za kazi. Baadhi ya bibi zetu walilima na kaniki. Mama zetu hujifunga kanga, na wanaolima mwani katika fukwe za mashariki ya Unguja, kama Paje na Jambiani, hushinda ndani ya maji wakiwa na kanga juu ya nguo nyingine. Aura ya mwanamke katika swala ni mwili wote isipokuwa uso na viganja, na nguo iliyolowa hushikana na mwili. Ni vyema achukue doti moja kavu kikapuni, ajifunge moja na kujitanda nyingine, na avae soksi au nguo iburuzikayo isitiri nyayo. Hapo atakuwa ameswali kwa wakati wake na kwa utulivu.

Nao wanayo fahari kubwa katika jambo hili. Mtume (s.a.w.) na Sayyidna Abubakar (r.a.) walipokuwa wanajitayarisha kwa Hijra, Bibi Asmaa bint Abubakar (r.a.) hakupata kamba ya kufungia chakula chao cha safari. Akachukua mshipi wake wa kiunoni, nguo ambayo wanawake wa Kiarabu walijifunga wakati wa kazi, akaupasua vipande viwili. Tangu hapo akaitwa Dhatu Nitaqayni, mwenye mishipi miwili. Jina la heshima ambalo umma umelihifadhi mpaka leo limetokana na nguo ya kazi.

7. NASAHA ZETU

Ndugu wanafunzi, Qur'ani katika Suratul Aaraf imetufundisha kuwa Mwenyezi Mungu Ametuteremshia mavazi ya kutusitiri na ya kutupamba, na kwamba vazi la uchamungu ndilo bora. Katika sura hiyo hiyo tumeamrishwa tujipambe tunapokwenda kwenye ibada. Aya hizi mbili hazigombani. Mwenye nguo njema aivae kwa ajili ya Mola wake, na ambaye wakati wa swala umemkuta kazini asitirike, ajitwaharishe, aswali.

Tunawanasihi wazazi wachukue msuli wa pili, mkavu na safi, ndani ya mkoba wa kazi. Hauna uzito, na unafunga mlango wa visingizio. Tunawanasihi wasimamizi wa misikiti iliyo karibu na madiko, masoko na bandari waweke maji ya kutosha na, wakiweza, misuli michache safi ya kuazima. Na anayeingia na nguo ya kazi iliyo twahara asitazamwe kwa jicho la kumfukuza. Huenda amekuja kutoka mahali ambapo wenzake kumi wamekaa.

Na ninyi vijana, wahenga wamesema: usione vyaelea, vimeundwa. Ada ya madrasa, juzuu mnazosomea, na kanzu nyeupe mnazovaa siku ya Maulidi zimetoka katika msuli uliopauka. Mkimuona baba anapita, msigeuze nyuso. Tokeni mumwamkie, mumpokee kikapu. Na likizo mkienda naye kazini, adhana ikiadhiniwa, kuweni ninyi wa kwanza kumwambia kwa adabu: "Baba, wakati umefika."

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (s.w.) Awabariki wazazi wetu katika kazi za mikono yao, Azikubali swala zao walizoswali mchangani na vibarazani, na Atusitiri sote duniani na akhera. Amin.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza tofauti ya kikoi na msuli ulioshonwa, na athari yake katika swala.
2. Taja vitu vitano vinavyochafua nguo ya kazi lakini si najisi.
3. Kwa nini swala ya mwenye msuli inaswihi ingawa msuli uko wazi upande wa chini?
4. Bibi Asmaa (r.a.) alipata vipi jina la Dhatu Nitaqayni?
5. Muulize mzazi wako anaswali wapi anapokuwa kazini, na mzungumze naye kuhusu mambo mliyoyasoma hapa.

Wabillahi tawfiq.